Meli kubwa za kitalii: zinaharibuje matumbawe, na mzamiaji ajihadhari vipi?

Mwalo_Entebbe
Wakuu, habari zenu. Kikundi chetu cha hapa Entebbe kinajiandaa kwenda kuzamia Mombasa kisha Unguja, msimu ambao meli kubwa za kitalii hufika. Huku ziwani chombo kikubwa tulichozoea ni MV Kalangala pale Nakiwogo. Naomba kujua: kinachoua matumbawe hasa ni nanga au uchafu? Na meli ikiwa imesimama tu, mzamiaji ana cha kuogopa?

Pingili
Karibu. Nanga inasingiziwa mengi, mharibifu mkubwa ni mnyororo. Meli haishikwi na nanga peke yake, inashikwa na mnyororo uliolala chini, ndiyo maana hutolewa mrefu mara kadhaa ya kina. Penye maji ya meta 30, meta 150 za mnyororo ni kawaida. Upepo ukigeuka au mkondo ukibadilika, meli huzunguka, na zile pingili za chuma chenye unene wa sentimita 10 hivi hufyeka kila kilichosimama kama panga kwenye migomba. Tofauti ni kwamba mgomba huchipua upesi. Tumbawe la mviringo huongezeka sentimita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo lenye kimo cha meta moja lina karibu karne nzima. Lenye matawi hukua haraka zaidi, ila vipande vilivyovunjika hubiringishwa na mawimbi na mabuu ya matumbawe hukosa mahali tulivu pa kushika.

Meli kupanda mwamba ni balaa jingine. Machi 2017 meli ya kitalii Caledonian Sky ilikwama Raja Ampat, Indonesia, maji yakipwa, na kuivuta kwa tagi (meli ndogo ya kuvutia) kukazidisha uharibifu. Zaidi ya meta za mraba 13,000 ziliumia, na hiyo si meli kubwa hata kidogo.

Uchafu una sheria yake, MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari: maji ya choo yasiyosafishwa hayamwagwi ndani ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu.

Rafadha
Pingili kasahau tope. Tumbo la meli kubwa hufika meta 8 au 9 chini ya maji. Kina kikiwa meta 14, kati ya chuma na mchanga hubaki meta 5 au 6 tu, na rafadha (mapanga ya kusukumia meli) zikizunguka hapo vumbi lote la chini huinuka. Matumbawe hukosa mwanga na kumaliza nguvu yakitoa ute wa kujisafisha.

Swali la pili: ndiyo, iogopeni iliyosimama. Rafadha za ubavuni, zile za kusogezea omo (sehemu ya mbele ya meli), huwashwa wakati wowote ili kuiweka sawa, na huvuta maji upande mmoja na kuyatupa upande wa pili. Sasa piga hesabu: kituo chenu cha usalama, pale mnaposubiri kabla ya kuibuka, ni meta 5 kwa dakika 3, yaani juu ya kina cha tumbo la meli. Mnasimama pale pale penye hatari.

Masikio hayasaidii. Sauti majini hukimbia karibu meta 1,500 kwa sekunde, inasikika pande zote kwa pamoja. Mkisikia mngurumo unaongezeka, msipande. Kaeni chini, ogeleeni mbali na njia ya meli kama hewa inatosha, kisha rusheni boya mkiwa bado chini na mpande kando ya kamba yake, si zaidi ya meta 9 kwa dakika.

Mwalo_Entebbe
Asanteni sana. Na bendera ya mashua?

Pingili
Ni ile ya ishara ya herufi A, nyeupe na buluu. Kwa mashua ndogo ya wazamiaji kanuni zinataka ya kibao, kimo kisipungue meta 1. Lakini meli iliyo ndani ya mlango mwembamba wa bandari haiwezi kukwepa hata ikiiona. Aliyebaki mashuani asikilize chaneli 16 ya redio ya VHF, na kabla ya kuzamia aulize bandarini ratiba ya meli. Mimi ningewapeleka Kisite, hifadhi ya bahari kusini mwa Mombasa, mbali na mlango wa bandari ya Kilindini. Chumbe, Unguja, mitungi hairuhusiwi, ni miwani na mrija tu.

Timboroa
Msisahau safari ya kurudi. Baada ya siku kadhaa za kuzamia subirini angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, maana kule juu shinikizo la hewa hupungua na gesi iliyobaki mwilini huweza kutoa mapovu. Na basi si salama zaidi: njia ya Nairobi hadi Malaba, mpakani mwa Uganda, hupita Timboroa, zaidi ya meta 2,500 juu ya bahari.