Wauzaji wa maski za LED mnatuuzia taa za rangi, tukiuliza nanomita mnatubloku

Habari zenu wadau. Nina hasira hapa nilipo kwa hiyo msinitafutie makosa ya herufi. Duka nililonunua sitalitaja, mods msifute uzi, nataka tuiongelee biashara yenyewe ya hizi maski za kuvaa usoni zenye vitaa vya LED, maana sio mtu mmoja, ni karibu wote, kuanzia hawa wa kwetu Tanga mjini mpaka hao wa onlaini wa Dar wanaotutumia mizigo kwa basi tunaenda kuifata stendi Kange.

Wote kaptioni yao ni moja. Maski ya LED rangi saba, inatoa chunusi, inatoa makovu, inatoa makunyanzi, inang'arisha uso, FDA orijino (hao ni mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani), bei njoo DM. Yani kitu kimoja kinatoa kila kitu kasoro mkosi. Mie nina chunusi za kidevuni, zenyewe sio tatizo sana, tatizo zikipona zinaacha doa jeusi linakaa miezi, na kabla sijatoa hela nikamuuliza yule dada muuzaji swali dogo tu, mwanga mwekundu ni nanomita ngapi na wa bluu ni nanomita ngapi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndo kinachosema ni nyekundu au bluu ya aina gani). Jibu: "mamii hizo hazina kazi, we tumia tu utaniletea mrejesho." Nikarudia. "Dia ni orijino kabisa." Nikamwambia basi nipigie picha nyuma ya boksi, akanitumia picha ya mzungu kavaa maski kalala kwenye taulo jeupe.

Tukakubaliana kwa maandishi, nimetunza skrinshoti, kwamba nikikuta boksi halina maelezo narudisha na hela yangu inarudi, laki moja na thelathini hiyo. Boksi likaja. Mbele picha, nyuma peupe. Ndani kikaratasi cha Kichina na Kiingereza cha kuungaunga kinasema nyekundu ni ya ujana na njano ni ya furaha ya ngozi. Furaha ya ngozi ndo nini jamani?? Nikamwandikia narudisha, nikaona tiki moja, nikapiga haipokelewi, kwenda kwenye peji yake siioni tena. Kanibloku. Kumbe kwenye peji anaendelea kuposti, shoga yangu kaniangalizia kwa simu yake.

Sasa maski yenyewe. Plastiki ngumu nyeupe, inakaa juu ya pua na kidevu, mashavuni inaning'inia, upande wa kushoto kuna mstari mzima wa vitaa hauwaki mpaka ubonyeze waya pale unapoingilia. Kwenye macho kuna matundu mawili yametobolewa basi, hakuna sponji hakuna mpira wa kukinga, ukiwasha bluu unafumba macho na bado unaiona bluu. Nikasogeza kamera ya simu karibu kabisa na kitaa kimoja nikiwa nimeweka rangi ya njano, nikakuza picha, hakuna njano humo, kuna nukta nyekundu na nukta ya kijani zimekaa pamoja zinawaka. Ndo nikaelewa rangi saba maana yake nini. Kila kitaa kina vichipu vitatu tu, chekundu, cha kijani na cha bluu, hizo nyingine ni kuchanganya, zambarau ni nyekundu na bluu, nyeupe ni vyote vimewaka. Ni vitaa vile vile vya kuzungushia jukwaa la bibi harusi ukumbini, mmevibandika kwenye plastiki yenye umbo la uso mkaongeza sifuri kwenye bei.

Na msije mkasema huyu anapinga mwanga, anapinga sayansi. Simpingi mtu. Mwanga kutibu ngozi ni jambo la zamani, Niels Finsen wa Denmark alipewa Nobeli mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, huko hata LED hazijazaliwa. Mwanga unafanya kazi. Ila sio kila mwanga, na hapo ndo nanomita mnazosema hazina kazi zinapokuja kuwa ndo kazi yenyewe.

Bakteria wa chunusi anatengeneza kitu ndani yake kinaitwa pofirini, na pofirini inanyonya sana mwanga wa bluu wa karibu na nanomita 415, ikishaunyonya inazalisha sumu inayomuua yeye mwenyewe. Sasa bluu ya vile vichipu vya rangi huwa iko huko 460, 470. Kwa macho ni bluu tu, utaonaje tofauti? Huwezi. Ndo maana inatakiwa iandikwe. Nyekundu inayoongelewa kwenye makunyanzi na wekundu wa chunusi iliyovimba ni ya 630, 633 hivi, na kuna ile infraredi ya 830 inayozama chini zaidi na haionekani kwa macho kabisa, hapo ndo pa kupigwa kirahisi kuliko pote maana mtu anakwambia ina infraredi na wewe utabisha vipi.

Yangu naambiwa inayo. Nikachukua rimoti ya TV nikaielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu nikabonyeza, kale kataa ka rimoti kakaonekana kanawaka weupe wa zambarau, maana kamera nyingi za mbele zinaiona infraredi ambayo sisi hatuioni. Nikaweka maski pale pale kwenye mpangilio wanaouita infraredi. Giza. Giza totoro. Jaribuni na nyie kabla hamjalipa, ni bure.

Halafu nguvu. Hapa nitaenda haraka. Mwanga unapimwa ni miliwati ngapi kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, unazidisha na sekunde unapata dozi. Maski ya miliwati 30 ukikaa nayo dakika 10 ni jouli 18. Ya miliwati 5 dakika hizo hizo ni jouli 3. Mnaona? Dakika zile zile, kufumba macho kule kule, lakini huyu kapata mara sita ya mwenzie. Na hiyo ni kama imelala kwenye ngozi, sasa hii yangu inaning'inia. Ukiuliza miliwati unajibiwa "ina taa 150 dia". Idadi ya taa ndo nguvu ya taa? Taa 150 za kufifia zinabaki za kufifia.

Kinachoniuma zaidi ni hiki na naomba mnisome vizuri nyie wenye ngozi kama yangu. Wauzaji wote wanaandika bluu inaondoa madoa. Jamani, mwanga unaoonekana, hasa huo wa bluu kuelekea zambarau, ndo unaoamsha weusi kwenye ngozi zenye rangi. Limeshapimwa hili, watu waliangaziwa kwenye ngozi zao mwanga wa nanomita 415 na wa nanomita 630, ya 415 ikaacha weusi uliokaa kwa wiki nyingi, nyekundu ya 630 haikuacha. Sisemi kila atakayevaa bluu atatoka madoa, dozi ni dozi na ngozi ni ngozi, lakini mtu ana melasma (yale madoa ya kahawia ya usoni), au ana makovu meusi ya chunusi, anakuja kwako anasema nataka kutoa madoa, unampa bluu?? Na kwenye peji zenu zote sijaona hata mmoja ameandika neno moja kuhusu ngozi nyeusi, picha ni za wazungu na Wakorea, wanunuzi ni sisi wa Makorora na Chumbageni.

Na hilo neno inang'arisha mlitoe. Hakuna taa inayomgeuza mtu mweupe. Mnaliweka kwa sababu mnajua wateja wa mkorogo wapo, mtu ngozi imeshalainika kwa krimu za steroidi, mishipa inaonekana, akipita juani tu uso unawaka, badala ya kumwambia aache aende kwa daktari wa ngozi mnamuongezea taa juu.

Mdogo wangu alitaka tuwe tunapokezana hiyo maski. Yeye yuko kwenye doksisaiklini ya chunusi aliyoandikiwa hospitali, na doksi inajulikana inafanya ngozi iungue na jua kirahisi. Maski za kampuni zinazojiheshimu zinaandika wazi, kama unatumia dawa za kufanya ngozi au macho yaogope mwanga usivae mpaka uongee na daktari, isotretinoini (dawa kali ya chunusi) humo humo, mwenye lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) humo humo, mwenye kifafa aangalie zile zinazopepesa. Nilimuuliza yule dada kabla hajanibloku, doksi vipi? "Haina madhara mamii ni mwanga tu." Ni mwanga tu! Mwaka 2019 Neutrogena, kampuni kubwa ya Marekani, waliiondoa sokoni maski yao ya mwanga ya chunusi, tena ilikuwa imeshauzwa sana, kwa ajili ya hofu ya macho kwa watu wenye magonjwa fulani ya retina na wenye ualbino wa macho na wanaotumia dawa za kuongeza uoga wa mwanga. Wakubwa wameitoa sokoni kwa hofu ya wachache, wewe wa matundu mawili bila sponji unaniambia ni mwanga tu. Nchi yetu hii yenye ndugu zetu wangapi wenye ualbino.

Tuje kwenye FDA. Kuna cheti kinazungushwa, kina tai, kina muhuri wa dhahabu, mmekiona wote. FDA ya Marekani haitoi vyeti vya usajili vya namna hiyo, wenyewe wameshasema. Kifaa kama hiki kikipitishwa kule kinapewa namba inaanza na K halafu tarakimu sita, unaiingiza kwenye tovuti yao inakuja jina la kifaa na kazi kilichoruhusiwa kufanya. Muombe muuzaji hiyo namba uone atakavyokuita mchawi. Na hapa kwetu tangu 2019 vifaa tiba viko chini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), vipodozi vilienda TBS (shirika la viwango). Sasa wewe unayeandika "inatibu chunusi", hicho si umeshakiita kifaa tiba mwenyewe? Usajili wa TMDA uko wapi? Au ikifika hapo kinageuka urembo?

Saluni nao wasijifiche. Siku hizi pakeji ya bibi harusi ina singo, ina liwa, ina maski ya LED nusu saa siku mbili kabla ya shughuli. Singo na liwa sina neno nazo, tumelelewa nazo. Ila hiyo nusu saa ni ya nini? Hizi taa hata zile nzuri watu wanazitumia mara tatu mpaka tano kwa wiki, miezi miwili mitatu, ndo waanze kuona kitu. Na pale niliposhuhudia mie, Ngamiani, sponji ya macho ilikuwa na wanja wa mteja aliyetoka, mweusi kabisa, yule binti wa saluni kapangusa na kiganja akamvika mwingine.

Mtu ataniuliza sasa tununue ipi. Jina sikupi, nakupa vya kuangalia. Nyekundu ya 630 hivi pamoja na infraredi ya 830 zimeandikwa kwenye boksi au kitabu chake, sio kwenye DM. Omnilux kwa mfano, kampuni ya hizi maski, wanaandika 633 na 830 kweupe, ila ile ni karibu dola 400, sawa na milioni yetu, najua, sio kila mtu ataimudu na mie sina. Lakini ukishajua kizuri kinaandikwaje hata cha bei ya chini unakipima. Silikoni laini inayolala usoni kuliko plastiki ngumu. Kinga ya macho. Rangi mbili zenye namba kuliko saba zisizo na namba. Bluu kama una madoa achana nayo au muulize daktari wa ngozi. Na kama hela ni ya kubana, hiyo laki nunua sanskrini ile yenye rangi, ya oksidi ya chuma, inazuia mpaka huo mwanga unaoonekana, na benzoili peroksaidi ya duka la dawa kwa chunusi, ubaki na chenji ya samaki.

Narudia kwa yule dada, najua unasoma hapa maana ulinitumia linki za huku mwenyewe. Mzigo wako uko kwenye boksi lake, na waya wake, na kikaratasi cha furaha ya ngozi. Skrinshoti ya makubaliano ninayo. Nafungua hili suala Tume ya Ushindani, hela yangu iingie kabla sijafika huko.

EDIT: Mnaonitumia DM "mamii mie ninazo orijino", acheni. Wekeni hapa hapa kwenye uzi, nanomita ngapi, miliwati ngapi, picha ya nyuma ya boksi. Mpaka sasa waliojaribu ni wawili, mmoja kaweka picha ya boksi la feni.

EDIT 2: Aliyeuliza kama yake inawaka kijani tu ni mbovu au ndo ya mzio, ndugu yangu hiyo ni mbovu, rudisha.