Begi la Latifa (salamu zitumwe baadaye)

JUMANNE, 20:10

Dada Rehema: Jamani habari za jioni. Latifa anaanza kazi Jumatatu. Tulisema tutamnunulia begi la mgongoni, zuri la kwendea ofisini. Tulisema wiki iliyopita na watu wote mkaitikia. Tumefikia wapi?

Dada Rehema: Naona mmesoma watu sita.

Dada Rehema: Haya nasema mwenyewe kama kawaida.

Dada Rehema: [picha]

Dada Rehema: [picha]

Dada Rehema: La kwanza ni leza nyeusi, limetulia, linaendana na nguo yoyote. La pili ni kitambaa, la kijivu. Mimi moyo uko kwa la kwanza. Nataka majibu kabla ya kesho jioni.

Idi: La kwanza lina kile kipande cha ngozi chenye matundu mawili. Ile ni pua. Begi linanusa

Nasra: 😂😂😂

Nasra: Lakini kweli Mama Mkubwa, kile kidude ni cha nini

Idi: Cha kupumulia

Dada Rehema: Idi sianzi na wewe leo.

Mama Mdogo Zuhura: [umesambazwa mara nyingi] Asubuhi njema kwenu nyote. Amka ukiwa na shukrani 🌹🌹🌹

Idi: Mama Mdogo ni usiku

Mama Mdogo Zuhura: Kwa anayeamka.

Mama Latifa: Shikamoo Mama Mdogo. Asanteni sana wifi zangu na shemeji kwa kumfikiria mtoto. Sisi lolote mtakaloona linafaa.

Dada Rehema: Wifi, "lolote" siyo jibu. Laptopu waliyompa ni ya inchi ngapi?

Mama Latifa: Kwenye boksi imeandikwa 15.6

Dada Rehema: Na la leza wameandika linachukua 15.6. Basi tumemaliza. Anayepinga aseme sasa.

JUMATANO, 13:05

Salma: Ndiyo natoka kazini nasoma. Hatujamaliza.

Salma: 15.6 ni kioo tu, kinapimwa kona hadi kona kwa mshazari. Laptopu ina kingo zake pembeni na kila kampuni inaweka zake. Wifi chukua tepu ya fundi cherehani, pima umbo lote: upana, urefu, unene. Halafu ndiyo tuulize begi ndani lina sentimita ngapi. Laptopu mbili za 15.6, moja inaingia, nyingine inakwama kwenye zipu.

Salma: La pili. Ile leza siyo ngozi. Ni kitambaa kimepakwa plastiki juu. Unyevu unaila taratibu, hata ukiliweka kabatini hujalibeba siku moja. Inaanza kubanduka kwenye mikanda pale inapokunjwa, unafika ofisini na magamba meusi kwenye bega la blauzi nyeupe.

Dada Rehema: Mimi nina pochi ya leza mwaka wa tano huu.

Salma: Pochi haibebi laptopu.

Salma: Nasra, kile kidude kilikuwa na kazi yake. Wapanda milima walikuwa wanapitisha kamba pale wafunge vitu kwa nje. Siku hizi ni pambo, ukikivuta utaona kimeshikwa na nyuzi mbili tatu.

Idi: Mimi bado napendekeza lile la kijeshi. Mifuko kumi na nane

Dada Rehema: Mtoto anakwenda ofisini, haendi vitani.

Idi: Dada wewe hujafika ofisini kwangu

Nasra: Mnunulieni Kånken 🙏 lile lenye mbweha, linapendeza na kila mtu analijua

Nasra: [picha]

Idi: Boksi lenye mikanda

Salma: Ni zuri, siwezi kusema uongo. Na halikuanza kama la urembo. Lilitengenezwa Uswidi mwaka 1978 kwa ajili ya wanafunzi, migongo ya watoto ilikuwa inawasumbua. Lakini lile la kawaida ni lita 16 na mikanda yake ni utepe mtupu, haina sponji. Wale walibeba madaftari. Latifa anabeba laptopu, chaja, chupa ya maji, mwavuli na viatu vya kubadilisha. Hapo ni lita 20 mpaka 25. Ukivuka 30 ameshaonekana yuko safarini.

Nasra: Mama lipo lenye sehemu ya laptopu na mikanda minene

Salma: Lipo. Sasa mbona umetuma la pinki lisilo nayo?

Nasra: Nimependa rangi 😌

JUMATANO, 19:30

Mama Latifa: Nimepima. Upana 36, urefu 25. Unene naona kama 2, mdogo wake amekimbia na tepu kabla sijamaliza.

Dada Rehema: Nimempigia muuzaji. La leza ndani ni 34.

Salma: 🙂

Dada Rehema: Usianze.

Dada Rehema: Haya twende kwenye kitambaa. Yapo mawili, umbo moja. Kijivu na kijani. La kijani wamelishusha bei. Mimi naona kijani, bado linapendeza na halichafuki upesi.

Salma: Kijani hapana.

Dada Rehema: Hubebi wewe Salma, anabeba Latifa.

Salma: Mimi begi la kijani la familia hii nalijua.

Idi: Aaah jamani

Idi: Tuzungumze zipu. Zipu ni muhimu sana

Dada Rehema: Salma, mpaka leo?

Salma: Nimesema kijani hapana, basi. Nilikwenda bweni na mfuko wa kuazima, nikarudi na mfuko wa kuazima. Aliyekuwa na ufunguo wa kabati anajijua.

Dada Rehema: Nimeeleza mara ngapi kwamba sijui? Mbele ya Mama nilieleza. Mbele ya Hamisi nilieleza. Hamisi si upo humu, sema.

Idi: Kaka Hamisi yuko mtandaoni tangu Machi hajasema neno, atakuja kusema leo

Nasra: mama 😬

Salma: Nasra kalale.

Mama Mdogo Zuhura: [Ujumbe huu umefutwa]

Mama Mdogo Zuhura: Nani amefuta? Alikuwa anasemaje?

Idi: Ni wewe Mama Mdogo

JUMATANO, 21:52

Baba: Rehema. Salma. Lile begi nililitoa mimi. Ufunguo ulikuwa mezani, nikafungua, nikampa yule aliyesafiri usiku ule. Mnamjua. Aliniomba nisiseme nami nikakaa nalo. Sasa hayupo, hakuna wa kufichiwa. Mwenye neno aje kwangu, mlango uko wazi.

Baba: Latifa anunuliwe begi ambalo mabega yake yatalipenda. Rangi ataje mwenyewe.

ALHAMISI, 06:20

Dada Rehema: Shikamoo Baba. Tumesikia.

Idi: Shikamoo Baba

Mama Latifa: Shikamoo Baba.

Baba: Marahaba wanangu.

Salma: Shikamoo Baba. Nitakuja Jumamosi.

Baba: Njoo.

ALHAMISI, 12:40

Dada Rehema: Haya. Idi anapita dukani leo jioni. Salma mwandikie cha kuangalia, usimwachie akili yake.

Salma: Idi, ukilishika usianze na uso wake. Ligeuze. Tazama mikanda pale juu inapoingia kwenye mgongo wa begi: mshono uwe wa mraba wenye alama ya X ndani, au nyuzi zimerudiwa kwa kubanana kabisa. Ukiona mstari mmoja uliokwenda na kurudi, liache hapo hapo, ndipo yanapokatikia yote. Halafu bonyeza sponji ya mkanda kwa dole gumba. Inyanyuke yenyewe. Ikibaki na shimo, baada ya muda mfupi anabeba utepe.

Salma: Ingiza mkono kwenye mfuko wa laptopu mpaka chini. Uishie juu ya kitako cha begi, usikifikie. Ukikifikia, kila akiliweka begi sakafuni ni laptopu inayogonga sakafu. Na mfuko huo uwe upande wa mgongo, siyo upande wa mbele. Kitu kizito kikiwa mbali na mgongo kinamvuta mtu kinyumenyume na yeye anainama kukifidia, jioni analalamika kiuno.

Salma: Bitana iwe rangi ya mwanga. Bitana nyeusi unatafuta funguo kwa kupapasa maisha yako yote.

Idi: Dada mbona kama natumwa kuposa

Salma: Na zipu uivute kwa mkono mmoja, izunguke kona zote mbili, begi likiwa limejaa. Likiwa tupu kila zipu ni nzuri.

Idi: Nalijazaje dukani?

Dada Rehema: Vua koti.

Mama Latifa: Samahani wifi, na mvua? Wameandika halipitishi maji.

Salma: Kitambaa ndicho hakipitishi. Maji yanaingia kwenye zipu na kwenye matundu ya sindano. Mvua ya kutoka mlangoni mpaka kwenye gari sawa, mvua ya kutembea nayo hapana. Atafute lenye kifuniko chake kinachokaa chini, au laptopu aifunge kwenye plastiki, hakuna aibu.

Hamisi: Salaam. Nimeona sasa hivi. Begi la nani?

Dada Rehema: HAMISI NI MTOTO WAKO

Hamisi: Ooh. Kwani ana safari?

Idi: 😂😂😂 nimekufa

Mama Latifa: Nitamweleza nyumbani.

ALHAMISI, 17:25

Idi: Nipo dukani. La kijivu: X ipo. Sponji imenyanyuka. Laptopu mkono umeishia juu ya kitako, vidole vitatu hivi. Bitana rangi ya machungwa, inaumiza macho lakini utaona hadi sindano

Salma: Safi. Upana wa ndani?

Idi: Muuzaji hana tepu

Dada Rehema: Idi nilikwambia uende na tepu.

Idi: Tepu ipo kwa mdogo wake Latifa

Idi: Zipu imeandikwa YKK

Salma: Ni Wajapani, wanatengeneza zipu tangu 1934, nzuri. Lakini herufi tatu hata mwigaji anazigonga. Uliivuta?

Idi: Kona ya kulia inapita. Ya kushoto inashikashika

Salma: Inashika kitambaa au kichwa cha zipu ndicho kizito?

Idi: Sijui, inashika

Salma: Angalia ndani kama bitana inaingia kwenye meno. Ikiwa bitana, itakuwa hivyo siku zote. Kikiwa kichwa, fundi anakibadilisha peke yake bila kugusa zipu.

Idi: Kuna lebo 600D poliesta. Na hapa kuna jingine wameandika 1680D, muuzaji anasema ndiyo kiboko

Nasra: D ni denieri. Uzito kwa gramu wa uzi wa mita 9000. Mama alinikaririsha tukinunua la shule 🙄

Salma: 600 kwa begi la kila siku inatosha. Namba kubwa ni uzi mnene, na uzi mnene ni mzigo. Linyanyue hilo la 1680 tupu. Kama mkono umeshasikia, liache.

Idi: Umesikia

Dada Rehema: Chukua la kijivu tumalize. Wanafunga saa ngapi?

Idi: Saa kumi na mbili

Dada Rehema: Mchango wamebaki Hamisi na Mama Mdogo. Siyo kwamba nataja watu.

Mama Mdogo Zuhura: Mimi nilimpa Idi mkononi.

Dada Rehema: Idi???

Idi: Mtandao unasumbua hapa

Mama Latifa: Jamani samahani. Baba alisema rangi ataje mwenyewe, nikamuuliza Latifa kwa kuzungukazunguka. Kasema angependa kijani.

ALHAMISI, 17:48

Hamisi: Kijani mbona ni nzuri

Dada Rehema: Hamisi nyamaza kidogo.

Idi: Wameanza kuzima taa. Niambieni

Idi: Dada Salma?

Salma: Kijani gani?

Idi: [picha]

Idi: Kama majani ya zamani. Siyo ile

Salma: Zipu ya hilo umeivuta?

Idi: Bado. Wananitoa nje

Idi: Nimechukua la kijivu. Wamekubali tubadilishe mpaka Jumamosi mchana kama lebo haijakatwa

Dada Rehema: Usikate lebo. Salma, Jumamosi ukienda kwa Baba utapitia dukani?

Salma: Nitaona.

Dada Rehema: Na tepu jamani, mtu aitafute. Hamisi, mchango.