Mauzo 50, kwiri 53: prefetch_related imenishinda

Muulizaji (Tanga):
Jamani, natengeneza daftari la mnada wa samaki kwa karani mmoja wa pale soko la samaki la Deep Sea. Mtandao ufukweni unasuasua. Akifungua ukurasa wa mauzo 50 anangoja mpaka mteja ameshaondoka na ndoo yake.

Natumia Django (mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti) na REST Framework, nyongeza yake ya kutuma data. Kila mauzo yana chombo cha uvuvi, chombo kina mmiliki, halafu kuna malipo, maana wanunuzi wengi hulipa kidogo kidogo. Mwanzo ukurasa huo ulikuwa na kwiri (maswali kwa hifadhidata) 152: moja ya kuhesabia kurasa, moja ya mauzo, kisha tatu kwa kila mauzo. Na vyombo vyenyewe ni 12 tu! Nikaweka select_related("chombo__mmiliki"), inayoleta chombo na mmiliki ndani ya kwiri ile ile ya mauzo, zikabaki 52. Nikaongeza prefetch_related("malipo"), ya kuleta malipo yote kwa mkupuo, zikawa 53. Zimepanda! Kwenye serialaiza (sehemu inayopanga data ya kutumwa) nina hii, ya kujumlisha malipo yaliyothibitishwa:

`sum(m.kiasi for m in mauzo.malipo.filter(yamethibitishwa=True))`

Jibu:
Mchawi wako ni hiyo filter, kaka. Malipo yote yameshaletwa kwa kwiri moja, ndiyo hiyo ya 53. Ukiita filter, Django inaliona ni swali jipya, inayaacha yaliyoletwa na kurudi kwenye hifadhidata mara 50. Ni sawa na kujaza friji samaki wa wiki nzima, kisha kila ukitaka kupika unarudi Deep Sea. Chuja kwa Python:

`sum(m.kiasi for m in mauzo.malipo.all() if m.yamethibitishwa)`

Kuhusu vyombo 12: Django haikumbuki kwamba chombo hicho imeshakileta kwa mauzo ya juu yake. Kila mauzo yanadai cha kwake.

Jibu:
Kama unataka jumla tu, mimi ningeiachia hifadhidata ijumlishe, kwa annotate (inayoongeza hesabu kwenye kila mauzo ndani ya kwiri yenyewe) na Sum yenye filter ndani yake. Ila usije ukaongeza humo humo jumla ya pili ya jedwali jingine, hesabu zitavimba. Niliwahi kumwonyesha tajiri deni mara tatu, nusura anifukuze. Na pale unapohitaji namba ya chombo peke yake, andika mauzo.chombo_id; mauzo.chombo.id inakwenda kukileta chombo kizima bure.

Muulizaji:
Zimebaki 3! Nimechukua ile ya all(), kwa sababu karani anataka kuona kila awamu ya malipo, si jumla pekee. Nimeweka na assertNumQueries(3) kwenye majaribio, jaribio lifeli kwiri zisipokuwa 3, maana najijua, mwezi ujao nitairudisha filter mwenyewe.