Ushauri: Kuvua kwa mshipi kunamsaidia mtoto masomoni, au namharibu?

BabaWawili_TGA (mleta uzi):
Wakuu, habari. Nipo Tanga. Mwanangu ana miaka 9, darasa la tatu, hesabu zinamkataa. Nimeanza kumpeleka kuvua Jumamosi badala ya tuisheni. Mama yake amenuna, anasema nalea mvuvi. Kuna elimu yoyote humo? Nimekwama.

SitiYaDirishani:
Ngoja waje wataalamu.

Chubwi20:
Ipo, ila usimshikishe mshipi ukamwacha. Mpe kazi ya kupima. Ashushe chubwi (kizito cha mshipi) hadi chini, kisha avute akihesabu pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Pima ya mtoto ni takriban urefu wake: akiwa na sentimita 130, pima 4 ni mita 5.2. Hapo kazidisha, kageuza vipimo, na hajalalamika. Vifaa: nailoni ya milimita 0.40, mita 30, izungushie chupa ya maji. Ndoana namba 10. Vipande vya ngisi. Chubwi ifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Ikinasa kwenye matumbawe itakatika yenyewe, ndoana utabaki nayo.

MamaTasi:
Fundo nalo ni somo la sayansi. Zungusha uzi mara tano, lowesha kwa mate ndipo ukaze. Ukikaza mkavu nailoni inajisugua, inapata joto, inalegea nguvu. Samaki akivuta inakatikia hapohapo. Akinasa tasi asimshike, miiba yake ina sumu. Akichomwa, loweka mkono kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, wewe uyajaribu kwanza. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, arudishwe baharini, haliwi. Halafu hujasema: mnavulia gatini au chomboni?

BabaWawili_TGA:
Ngalawa ya jirani. Nje kidogo tu.

MamaTasi:
Anajua kuogelea?

BabaWawili_TGA:
Bado. Atajifunza hukohuko, wazee wetu nani aliwafundisha? Ngalawa nimeshalipia miezi miwili na tuisheni nimeshamtoa. Naomba turudi kwenye swali la elimu.

Ustadh_Mpole:
Ndugu, mtoto ni amana. Kaa na mama yake kwanza muelewane.

Kaskazi77:
Enzi zetu, marehemu mjomba alikuwa na dau...

Chubwi20:
Mkuu, mjomba ana jukwaa lake.

BabaWawili_TGA:
Faida mbona naziona! Jumamosi iliyopita, mwezi mpevu, saa nne asubuhi, maji yamejaa pomoni, dogo kavua changu 6 na kawahesabu mwenyewe.

Mbalamwezi:
Hii chai. Mwezi mpevu ni bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na kwenye bamvua Tanga maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Saa nne asubuhi yameshatoka, watu wako miambani wanatafuta pweza. Maji ya kujaa saa nne ni maji mafu, yanayojaa na kutoka kidogo, na hapo mwezi unakuwa nusu. Aliyekuwa baharini hachanganyi hivyo.

SitiYaDirishani:
Nilijua! Hakuna mtoto, hakuna ngalawa, labda mama aliyenuna ndiye wa kweli 😂

BabaWawili_TGA:
Mtoto yupo. Nimemuuliza, kaniletea daftari lake: "Mwezi nusu. Maji yamejaa saa 4 na dakika 10. Changu 4." Mimi ndiye nimechanganya.

Mbalamwezi:
Basi uzi angefungua yeye. Mwambie hivi: kila siku maji huchelewa kujaa kwa kama dakika 50. Azidishe mara 7, ajumlishe na hiyo saa 4 na dakika 10, akuambie Jumamosi ijayo yatajaa saa ngapi. Akikujibu saa kumi jioni, tuisheni achana nayo.

SitiYaDirishani:
Na changu wawili waliozidi waliogelea wapi?

MamaTasi:
Mnacheka, mtoto hajui kuogelea. Mleta uzi, gatini mnaweza kupima kina na kuandika saa za maji vilevile. Mkilazimika kupanda ngalawa, jaketi okozi la saizi yake, si lako, na liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Bila huo akitumbukia linampanda hadi usoni, yeye anateleza chini.

BabaWawili_TGA:
Hilo la mkanda linauzwa wapi, na bei gani?