Naomba ushauri: kuvuka kutoka Mount Pierce hadi Mount Eisenhower kwenye theluji nzito

Wakuu, habari za majukumu. Nipo New Hampshire, Marekani, na huu ni msimu wangu wa pili kupanda milima kwa viatu vya theluji, vile vipana vinavyofungwa chini ya buti. Nimeshafika Mount Pierce mara mbili kwa njia ya Crawford, ile iliyoanza kuchongwa mwaka 1819. Sasa natamani sana kuendelea hadi Mount Eisenhower, kama kilomita 2.5 mbele.

Kinachonitia hofu ni kilichonipata wiki iliyopita. Nilitoka njiani hatua mbili tu kumpisha mtu, nikazama hadi kiunoni. Kumbe chini kulikuwa na miti midogo iliyofunikwa, na kuzunguka matawi yake theluji haishikani, ni uwazi mtupu. Kiatu kikanasa humo. Mwenzangu alichimba kwa mikono karibu dakika 20, glavu zimelowa, vidole havisikii kitu.

Waliozoea, nisaidieni. Ukinasa hivyo ukiwa peke yako, unajinasuaje? Kule juu kusiko na miti, upepo hupeperusha theluji ikabaki barafu tupu. Mnavua viatu vipana na kufunga vile vya meno ya chuma, au mnapita navyo hivyo hivyo? Na ukungu ukishuka katikati ya vilele viwili, mnageuka palepale au mnafuata marundo ya mawe yanayoonyesha njia?

Nina mke na mtoto mchanga nyumbani, kwa hiyo nipeni ukweli, hata kama ni kuniambia nisubiri theluji iyeyuke.