Naomba ushauri: supu ya kuku ya kopo kwa mwenye shinikizo la damu

Ndugu wanajamvi, mama mkwe wangu, tunayeishi naye hapa Marekani, ana shinikizo la damu, na tangu baridi ianze ameipenda mno supu ya kuku na tambi ya kopo, ile ya Campbell's inayoongezwa maji. Lebo inaonyesha kwamba nusu kikombe, kabla ya maji, kina kalori 60, protini gramu 3 tu na sodiamu takriban miligramu 890. Na kwa kuwa kopo lina vipimo kama viwili na nusu, anayelimaliza peke yake, kama afanyavyo yeye, hupita miligramu 2,000 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizifikie kwa siku nzima. Protini ya kopo zima haifikii hata ya mayai mawili!

Nimefikiria kuongeza mboga na minofu niliyochemsha bila chumvi, kisha nimpimie bakuli moja tu. Je, inatosha? Makopo yenye chumvi kidogo nayo yananitia shaka, kwani baadhi huwekwa kloridi ya potasiamu, na yeye anatumia lisinopril, dawa inayoweza kupandisha potasiamu mwilini. Wataalamu wa lishe na wafamasia, mnanishauri nini?