Tuzo za riwaya: majaji wanasoma kama sisi?

Mleta mada

Wakuu, mimi si mhakiki na fasihi sikuisomea. Nasoma usiku nikiwa nimechoka, na kitabu kisiponishika nakifunga bila kumwomba mtu radhi. Nimemaliza riwaya tatu zilizotwaa tuzo ya Booker, ile ya Uingereza ya riwaya za Kiingereza, miaka mitatu mfululizo, na nina ubishi na majaji wake.

Prophet Song ya Paul Lynch (2023) inasimulia Ireland inayotumbukia kwenye udikteta. Mume wa Eilish, kiongozi wa chama cha walimu, anakamatwa, na mama anabaki na watoto wanne. Maneno yamejaa ukurasa mzima, aya hazikatwi, mazungumzo hayana alama za kunukuu. Mwanzoni nilikuwa narudi nyuma kila mara kutafuta nani kasema nini, na nikamlaani mwandishi. Baadaye nikaona hila yake: Eilish hana pa kuvuta pumzi, basi na mimi nimenyimwa. Hapo namvulia kofia.

Orbital ya Samantha Harvey (2024) ndiyo iliyonishinda. Wanaanga sita, siku moja, mizunguko 16 kuizunguka dunia. Sentensi tamu, hilo silipingi. Lakini jua lilipochomoza kwa mara ya sijui ngapi, nilikuwa natazama kurasa zilizobaki. Chie, mmoja wa wanaanga hao, amepata habari kwamba mama yake amefariki Japani, naye yuko huko juu, hawezi kushuka kuzika. Jamani, hiyo peke yake ni riwaya! Kitabu kinaugusa msiba, kinakwenda kutazama bahari, kinarudi kuugusa tena.

Flesh ya David Szalay (2025) nimeipenda kuliko zote. István, mhusika mkuu, haongei, ukimuuliza lolote anakujibu neno moja. Anakwenda vitani Iraq na vita vyenyewe hatuvioni, tunamkuta kesharudi. Kilichoachwa nje ndicho kilichoninyima usingizi.

Sasa hoja yangu. Majaji wa Booker ni watano, na kwa miezi michache wanapitia vitabu zaidi ya 150. Mtu aliyekwisha kusoma ndoa mia zikivunjika, kitabu kisicho na aya lazima kimwamshe. Tuzo inatuambia kipi kilimfurahisha msomaji aliyeshiba, na sisi tunakuja na njaa. Nani anabisha?

Mchangiaji wa kwanza

Mimi nabisha, mkuu. Umesahau kwamba vile vinavyofika hatua za mwisho wanavisoma upya. Riwaya ya upelelezi ukishamjua muuaji, mara ya pili unabaki na nini? Kitabu kinachosimama kwenye usomaji wa pili kina kitu ambacho wewe, na uchovu wako wa usiku, huwezi kukiona kwa kupita mara moja.

Halafu hilo neno "sisi" litumie kwa uangalifu. Orbital ilikuwa inaongoza kwa mauzo Uingereza kati ya zile riwaya sita zilizofika hatua ya mwisho mwaka huo hata kabla haijatangazwa mshindi. Wasomaji walikwisha kuichagua kwa pesa zao. Usiwasemee.

Mleta mada

Kununua ni jambo moja, kumaliza ni jambo jingine. Orbital ina kurasa 136 tu. Ukiwa dukani na hujui uchukue kipi, kile chembamba kinakuita chenyewe.

Na hilo la kusoma upya unanisaidia mimi. Wengi wetu tunasoma mara moja, tunampa jirani. Kama sifa za kitabu zinaonekana mara ya pili, basi kibandiko cha tuzo kwenye jalada kinaniahidi kitu ambacho sitakipata.

Mchangiaji wa pili

Nyote mnawatazama majaji kama mizani ya dhahabu. Mwaka 2019 walikataa kabisa kuchagua mmoja, wakawapa waandishi wawili, Margaret Atwood na Bernardine Evaristo, kwa pamoja, na kanuni za tuzo yao wenyewe zilikuwa zinakataza kugawa. Hao ni watu wamekaa mezani wakabishana hadi wakachoka, kama tunavyofanya hapa.

Ila mkuu mleta mada, hoja yako ya mtindo ina tundu. Girl, Woman, Other ya huyo Evaristo ina wahusika wakuu 12 na nukta karibu hakuna, lakini watu ambao hawasomi riwaya ngumu nimewaona wakiimaliza kwa siku chache. Kila mhusika anakuja na maisha yake kamili, mama anagombana na binti, unataka kujua itakuwaje. Msomaji wa kawaida hakimbii ukosefu wa nukta. Anakimbia akikosa mtu wa kumfuata.

Mleta mada

Hapo tunaelewana zaidi kuliko unavyodhani: Chie nilikuwa tayari kumfuata, mwandishi ndiye aliyegeuza kichwa. Ila bado sijajibiwa. Majaji wale wale watano wangepewa vitabu sita tu, kimoja kila mwezi, wakiwa wametoka kazini, wangechagua hicho hicho?